Mtoto ametolewa kwenye biashara ya ngono: maswali ambayo walezi, jamaa na walimu huuliza zaidi

Ukurasa huu ni wa wale wanaobaki na mtoto baada ya gari la polisi kuondoka: nyanya, shangazi, mama mlezi, mwalimu wa darasa, mfanyakazi wa nyumba salama. Majibu yanahusu Kenya, hasa Pwani kuanzia Ukunda hadi Malindi, na pale Tanzania inapotofautiana tumetaja. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, acha kusoma upige 116. Simu hiyo ni bure, usiku na mchana, Kenya na Tanzania.

## Kuelewa kwanza

1. Hakuvuka mpaka wowote. Bado anahesabika kuwa amesafirishwa?

Ndiyo. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 haidai mpaka. Kumtafuta mtoto, kumchukua, kumpokea au kumpa malazi kwa nia ya kumtumia kingono kunatosha. Msichana wa miaka 14 aliyetolewa kijijini Ganze akaambiwa anakwenda kufanya kazi za nyumbani Mtwapa, kisha akaishia kupelekwa kwa wanaume, amesafirishwa. Aliyefungiwa chumba mtaa wa pili kutoka kwao, vilevile. Kwa mtu mzima ni lazima ithibitike kwamba alidanganywa, alitishwa au alilazimishwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 uthibitisho huo hauhitajiki.

2. Lakini mwenyewe alikubali, na pesa alikuwa akipokea.

Kisheria ridhaa ya mtoto haina uzito wowote katika jambo hili, na mahakama haipaswi hata kuiuliza.

Ila wewe unayeishi naye utaisikia, tena mara nyingi kutoka kinywani mwake mwenyewe. Atasema hakuna aliyemlazimisha. Wanaoendesha biashara hii humfundisha kusema hivyo. Humnunulia simu, humlipia nywele, humwachia atume shilingi mia tano nyumbani kwa M-Pesa, halafu humkumbusha kila siku kwamba wadogo zake wanakula kwa ajili yake. Basi ukimwambia alikuwa mjinga au alikuwa mtumwa, unampokonya kitu kimoja alichokuwa akijivunia, yaani kulisha nyumba. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, nawe uyaseme yote mawili: uliwajali ndugu zako, na watu wazima waliokutumia walifanya kosa kubwa. Hana haja ya kukubali la pili leo.

3. Si ni mambo ya watalii wa kizungu tu?

Hapana. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotoka mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono katika miji ya Pwani, na kundi kubwa kuliko yote la wanaume waliowatumia lilikuwa la Wakenya wenyewe. Waitaliano, Wajerumani na Waswisi walifuata. Takwimu hizo ni za zamani, lakini anayelea mtoto azingatie maana yake: mtu aliyemwumiza huenda hakupanda ndege kurudi kwao. Anaweza kuwa mwenye duka, dereva wa tuktuk au mzee anayeheshimika mtaani, na mtoto anaweza kukutana naye akienda kununua maziwa. Mipango yote ya usalama ianzie hapo.

4. Wavulana pia?

Ndiyo, fukweni na mijini. Mvulana anabeba mzigo wa ziada kwa sababu watu hawamwamini, au wanamwuliza kama sasa amekuwa shoga. Kwa sababu hiyo hukaa kimya zaidi, na uchungu wake hutoka kwa ngumi na pombe, mara chache kwa machozi. Yote yaliyoandikwa hapa yanamhusu, pamoja na dawa za hospitali (swali la 5).

## Siku za kwanza

5. Nianzie hospitali au polisi?

Hospitali. Polisi wanaweza kukufuata huko.

Saa 72 za kwanza ndizo zinazobana, kwa sababu dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya muda huo, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5. Kuna pia tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na pepopunda. Ikiwezekana mtoto asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Lakini kama ameshaoga, usimgombeze. Mpeleke hivyo hivyo.

Hospitali hujaza fomu ya PRC, ya matibabu baada ya kubakwa. Polisi hutoa P3, fomu ya uchunguzi wa mwili kwa ajili ya kesi, na daktari huijaza. Zote mbili ni bure. Uliza nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, uiandike mahali pako mwenyewe. Tanzania, fomu inayotumika ni PF3, na hospitali kadhaa za serikali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambamo daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii wako chini ya paa moja.

Saa 72 zikiwa zimepita, bado mpeleke. Watoto wengi waliotoka kwenye biashara hii wameumia kwa miezi, na wana maambukizi, utapiamlo, meno mabovu na mifupa iliyovunjika ikajiunga vibaya. Mtoto ana haki ya kukataa sehemu ya uchunguzi. Mwambie hivyo kabla hajalala kitandani, na umwombe muuguzi amweleze kila anachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

6. Nimwulize nini kuhusu yaliyompata?

Kidogo sana. Uliza kama ana maumivu, kama ameshakula, kama kuna mtu anayemwogopa aliye karibu, na kama kuna mtoto mwingine aliyeachwa huko. Mengine yanaweza kusubiri.

Shirika la Afya Duniani linashauri dhidi ya kumkalisha mtu aliyepatwa na tukio la kutisha na kumlazimisha kulisimulia mara moja kwa kina, kwa kuwa hakumsaidii na kunaweza kumwumiza zaidi. Fikiria njia ambayo mtoto huyu ameshapita: chifu amemwuliza, polisi wa zamu amemwuliza, mpelelezi, daktari, afisa wa watoto, kisha shangazi anataka kujua, na mchungaji wa shangazi. Mara ya saba atakuwa anakariri tu, huku maelezo yakianza kutofautiana kidogo, na wakili wa mshtakiwa atazitumia tofauti hizo. Maelezo rasmi yachukuliwe na mpelelezi aliyefunzwa, ikiwezekana kutoka kitengo cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) cha kupambana na usafirishaji haramu na kulinda watoto, chenye afisi Nairobi na Mombasa.

Akikuambia mwenyewe, msikilize. Usimkatize, usishtuke kwa sauti, usiahidi kuficha. Sema: nimekusikia, ninakuamini, si kosa lako. Baadaye andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe.

7. Halali usiku, anaoga mara tatu, anaficha chapati chini ya mto. Amerogwa?

Hajarogwa. Mwili wake umezoea kukesha kwa kuwa usiku ndio ulikuwa wakati wa hatari, na chakula kilikuwa cha kupewa na kunyimwa. Wengine hucheka wakisimulia mambo ya kutisha, na wengine huwa kama hawapo, macho wazi lakini hawakusikii. Wapo wanaorudi kukojoa kitandani wakiwa na miaka 13.

Wacha chakula mahali anapoweza kujichukulia hata usiku, bila kuomba. Mwachie taa, na mlango afunge mwenyewe kwa ndani. Bisha hodi kila mara, hata kama ni nyumba yako. Usimwamshe kwa kumgusa. Ita jina lake ukiwa mbali kidogo. Mambo haya madogo yanamrudishia alichonyang'anywa kuliko chochote, yaani uwezo wa kuamua nani anamkaribia na lini. Ndiyo maana kwenye ukurasa huu tunarudia tena na tena: mwulize, mwachie achague, hata kama ni kati ya uji na chai.

8. Tumemtoa, tumemlisha, na ametoroka kurudi kule kule. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalowavunja moyo walezi wengi, na wengine huacha kabisa baada ya mara ya kwanza. Tafadhali usiache.

Kurudi kuna sababu nyingi, na utovu wa shukrani haumo kati yake. Huenda anadaiwa, au ameambiwa anadaiwa. Huenda kuna mdogo wake au mtoto wake mwenyewe aliyebaki kule. Wengine wanahitaji kitu walichozoeshwa, iwe muguka, pombe au heroini. Wengine wanampenda kwa dhati mtu aliyewauza, kwa sababu mtu huyo huyo aliyewapiga ndiye aliyewanunulia dawa walipougua malaria, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Na mara nyingine nyumba salama yenyewe ndiyo imewakimbiza, pale geti linapofungwa, simu kuzuiwa, amri kutolewa kila saa na mtoto kutoambiwa atakaa mpaka lini. Kwake hiyo inafanana sana na alikotoka.

Akitoroka, ripoti polisi na kwa afisa wa watoto saa ile ile. Usingoje saa 24. Tuma ujumbe mmoja kwa simu yake, mfupi, usio na lawama: kitanda chako kipo, ukihitaji kufuatwa nitakuja, hata usiku. Akirudi, kwanza chakula na hospitali (saa 72 zinaanza upya), na maswali baadaye. Mtoto aliyetoroka mara nne na kupokelewa mara nne amejifunza jambo ambalo hakuna mhadhara ungeweza kumfundisha.

9. Nimnyang'anye simu?

Simu ina ushahidi na ina hatari. Kama kuna kesi, isifutwe chochote. Mpelelezi aichukue na aandike kwamba ameichukua. Kwa siku za mbele, mpatie laini mpya mkiwa mmekubaliana nani atakuwa na namba hiyo. Kumnyima simu kabisa bila maelezo humsukuma kuazima ya jirani kwa siri, na hapo ndipo wanaomtafuta humpata. Kuhusu picha zilizosambaa, tazama swali la 22.

## Ataishi wapi

10. Nani anaamua, na ni lazima akae nyumba salama?

Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, afisa wa watoto humpeleka mtoto mbele ya Mahakama ya Watoto, na mahakama ndiyo inayotoa amri ya mahali pa kukaa. Hata kama wewe ni shangazi wa damu, usimchukue kimyakimya. Bila amri hiyo huna kinga mtu mwingine akija kumdai.

Nyumba salama ina kazi yake wiki za mwanzo, hasa pale anayemtafuta anajua kwao. Lakini sera ya Kenya ya mageuzi ya malezi, ya 2022 hadi 2032, inataka watoto waishi katika familia badala ya makao. Sisi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Anaweza kwenda kwa jamaa, kwa mzazi mlezi aliyeidhinishwa, au, kwa familia za Kiislamu, kwa kafala, yaani malezi ya mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, ambayo Sheria ya Watoto inaitambua. Uliza pia kama kaya inaweza kuingizwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya maskini fedha. Shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya yatima na watoto walio hatarini hazitoshi, lakini ni unga.

11. Na kama mama yake au mjomba ndiye aliyempeleka?

Hutokea, na mtoto anaweza bado kulilia kwenda nyumbani. Usimwambie mama yake ni shetani. Anampenda, na ukimlazimisha achague, atamchagua mama.

Afisa wa watoto anapaswa kuchunguza nyumba kabla ya kumrudisha. Nani alijua? Nani alipokea pesa? Nani bado anaishi pale? Njaa iliyomsukuma mama imepungua au ipo vile vile? Kuna tofauti kati ya mama aliyedanganywa na wakala aliyekuja na mchele na ahadi ya kazi, na mjomba aliyekuwa akihesabu noti kila Ijumaa. Wa kwanza anaweza kusaidiwa, na mara nyingi anajichukia kuliko mtu yeyote. Wa pili ni mshtakiwa. Katika hali zote mbili kukutana kuanze polepole, mchana, mahali pa tatu, mtu mzima mwingine akiwepo, na mtoto akiwa na haki ya kusema basi. Akirudi kwao, atembelewe bila taarifa kwa muda mrefu. Ziara moja ya kupiga picha ya kukabidhi godoro si ufuatiliaji.

12. Nina watoto wangu. Ni salama wakikaa pamoja?

Kwa kawaida ndiyo, mkiwa na utaratibu: kila mtu kitanda chake, hakuna kuoga wawili, milango hubishwa hodi. Weka kanuni hizo kwa wote, wanao pia, ili asionekane ndiye tatizo. Wengine waliotumiwa hivi huzungumza au hugusa kwa namna isiyolingana na umri wao, kwa kuwa ndiyo lugha ya upendo waliyofundishwa. Mkatize kwa upole, bila kumwita majina, umweleze kwamba hapa tunapendana bila hayo. Ikiendelea, au ikiwa kuna mtoto mdogo aliyeguswa, mwambie mshauri na afisa wa watoto siku hiyo hiyo.

## Kupona

13. Ushauri nasaha huchukua muda gani?

Miezi, na mara nyingi miaka yenye mapumziko. Vikao vitatu vya mradi kisha cheti havimtoshi mtu aliyeumizwa mwaka mzima. Tafuta mshauri anayefanya tiba ya mazungumzo inayolenga jeraha la akili, anayeanza kwa kumfundisha mtoto kutuliza mwili kabla ya kugusa hadithi, na anayekuhusisha wewe mlezi. Kituo cha kushughulikia dhuluma za kijinsia katika hospitali kuu ya Pwani mjini Mombasa ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama mtoto hataki mshauri mwanamume, au mshauri anayesali msikiti wao, hilo liheshimiwe.

Utaona amepata nafuu, halafu anarudi nyuma ghafla: mwezi fulani, harufu ya manukato fulani, wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye disko matanga. Hujafanya kosa lolote. Hivyo ndivyo kupona kunavyokwenda.

14. Tumwombee, tumsomee dua?

Kama anataka. Imani imewashikilia wengi. Kinachoumiza ni maombi ya kumtoa pepo la uzinzi mbele ya umati, au kumtaka atubu dhambi ambayo si yake. Vivyo hivyo kumlazimisha asamehe upesi ili nyumba itulie. Na dua haichukui nafasi ya PEP.

15. Anajikatakata mikono, amesema bora afe.

Mwulize wazi: unafikiria kujiua? Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulisema. Kama amejibu ndiyo na ana mpango, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mimea, vidonge na visu, na umpeleke hospitali iliyo karibu. Kujikata bila nia ya kufa nako ni njia ya kustahimili maumivu, na hakutibiwi kwa viboko. Mshauri wake ajue.

## Shule na mtaani

16. Mwalimu aambiwe nini?

Mwalimu mmoja au wawili tu, na waambiwe wanachohitaji kwa kazi yao: mtoto huyu amepitia dhuluma, asichapwe, asiketishwe na mgongo mlangoni, akiomba kutoka aruhusiwe, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumchukua isipokuwa walioandikwa. Jina la kilichompata halina haja ya kufika chumba cha walimu, maana linalofika huko hufika sokoni jioni.

Majirani wakiuliza, tayarisheni sentensi moja na mtoto mwenyewe, kwa mfano, alikuwa akiishi kwa jamaa na sasa amerudi. Anayemwita malaya ajibiwe na wewe, mtu mzima. Usimwachie mtoto. Wakizidi, mweleze mzee wa mtaa kwamba kumfichua mtoto wa kesi kama hii ni kuvunja sheria.

17. Ana mimba, au tayari ana mtoto. Shule imekwisha?

Haijaisha. Sera ya Kenya ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, na mwongozo wake ulifanywa upya mwaka 2020. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa. Tanzania iliondoa katazo lake Novemba 2021. Hisia zake kwa mtoto aliyemzaa zinaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni, leo upendo mkubwa na kesho kutotaka kumwona. Msaidie kulea bila kumpokonya, na usimwambie kamwe kwamba mtoto anafanana na baba yake.

18. Ana miaka 17 na hataki darasa la nne. Tumpe cherehani?

Mwulize kwanza. Tumeona cherehani nyingi zikikaa chini ya vitanda zikishika kutu kwa sababu mfadhili alikuwa nazo kumi. Kuna wasichana wanaotaka umeme, upishi, kurekebisha simu, au kurudi shule ya watu wazima. Vyuo vya ufundi vinapokea wasio na cheti cha sekondari kwa kozi nyingi, na mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, humpa karatasi hata aliyejifunzia kazi jua kali. Hesabu mapato halisi. Kazi isiyomlipa hata nauli ya kurudi nyumbani itamrudisha kule alikotoka.

## Mahakamani

19. Ni lazima atoe ushahidi mbele ya aliyemwumiza?

Si lazima amtazame. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 humruhusu mtoto kutangazwa shahidi anayehitaji ulinzi: atoe ushahidi nyuma ya pazia, kupitia msaidizi anayemsemea, kesi isikizwe faraghani, jina lake lisitangazwe. Haya yote huombwa. Muone mwendesha mashtaka mapema, wala usingoje asubuhi ya kesi. Mpeleke mtoto aone chumba cha mahakama siku ambayo hakuna kesi, ajue hakimu huketi wapi na choo kiko wapi. Kukiwa na vitisho, Shirika la Kulinda Mashahidi linaweza kuombwa kuingilia.

Kesi huahirishwa. Mwandae kwa hilo pia, na siku ikiahirishwa msirudi nyumbani kimya. Kuleni mahali, mzungumze mambo mengine.

20. Familia imeletewa pesa na mbuzi kumaliza mambo nyumbani. Tukubali?

Hapana, na mnapaswa kujua kwamba hamna uwezo huo kisheria. Kesi ni ya jamhuri. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Mzee au chifu anayesimamia kikao hicho anaficha kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Unajisi wa mtoto wa miaka 12 hadi 15 pekee ni miaka isiyopungua 20.

Wanaoleta pesa huwaambia wazazi: hakuna shahidi, mtashindwa tu. Si kweli. Katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu. Tunajua njaa iliyopo nyumbani pesa hizo zinapowekwa mezani. Mwambieni afisa wa watoto kuhusu njaa hiyo. Na mtoto anaona. Akigundua ameuzwa mara ya pili, safari hii na baba yake sebuleni, jeraha hilo ni gumu kulifikia.

21. Wanaweza kumshtaki yeye kwa umalaya, au kwa kuwaleta wasichana wengine?

Sheria ya 2010 inamkinga mwathiriwa asishtakiwe kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake, likiwemo la kuwa nchini bila kibali. Akikamatwa kwenye msako, mwambieni afisa aliye zamu neno hilo hilo, mwathiriwa wa usafirishaji haramu, na mwiteni afisa wa watoto. Ni kweli baadhi yao hutumwa kuwaleta wenzao, na hatia hiyo huwatafuna kuliko mengine yote. Hapo wakili na mshauri wahitajika kwa pamoja.

## Hali ngumu zaidi

22. Picha zake ziko mtandaoni.

Usizitazame zaidi ya ulivyoona, usizitume kwa mtu yeyote, hata kama "ushahidi", maana kuzituma ni kosa. Andika anwani ya ukurasa, jina la akaunti na tarehe, umpe mpelelezi wa kitengo kilichotajwa swali la 6. Kuna pia huduma ya bure iitwayo Take It Down. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha kutoka kwenye simu yenu bila picha yenyewe kutoka, na majukwaa yanayoshiriki huitumia kuiondoa. Si yote yatafutika, na ni bora mtoto asikie hilo kutoka kwako kuliko kuahidiwa yasiyowezekana.

23. Wafadhili wanataka asimulie kisa chake, au wapige picha naye.

Akiwa chini ya miaka 18, kataa. Kumfunika uso hakutoshi: sare ya shule, sauti, makovu na jina la kijiji humtambulisha. Na hawezi kukataa kwa uhuru wakati anayeomba ndiye anayelipa karo yake. Mashirika mazuri huchanga pesa bila kumwonyesha mtoto. Shirika linalosema haliwezi bila hivyo, mlinde mtoto dhidi yake.

24. Anatoka nchi jirani na hatujui kwao.

Asirudishwe kwa kupakiwa basi. Afisa wa watoto huwasiliana na ubalozi na idara ya ustawi ya nchi ile, familia itafutwe na ichunguzwe (swali la 11), na pawe na mtu wa kumpokea kwa jina. Sheria ya 2010 inataja malazi, tiba, msaada wa kisheria na gharama za kurudi kwao, pamoja na mfuko maalumu wa waathiriwa. Mpatieni mkalimani asiyetoka katika kundi lililomleta.

25. Amefikisha miaka 18. Tumemaliza?

Nyumba salama nyingi humtoa siku hiyo, nasi tunaona ni kosa kubwa. Mwaka mmoja kabla, anzeni kupata cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, akaunti, chumba cha bei anayoiweza na mtu atakayepokea simu yake saa nane za usiku. Kesi inayoendelea haifi kwa yeye kutimiza miaka 18. Anaweza pia kuomba fidia kwa aliyehukumiwa, na kutoa maelezo ya madhara yaliyompata kabla ya hukumu.

26. Mimi mlezi nimechoka. Ninamkasirikia, halafu ninajichukia.

Wengi wanaofanya kazi hii hufika hapo, hata waliosomea. Kusikia mambo haya kila siku huingia mwilini: utaanza kuota ndoto zake, utakosa uvumilivu kwa wanao. Tafuta mshauri wako mwenyewe, tofauti na wa mtoto. Tafuta mlezi mwingine mnayeweza kuzungumza bila kutaja majina ya watoto. Mwambie afisa wa watoto mapema kwamba unahitaji siku mbili tatu za kupumzika, kabla hujafika mahali pa kumfukuza mtoto kwa hasira. Mtoto aambiwe utakwenda wapi na utarudi siku gani, akae na mtu anayemjua, na wewe urudi siku uliyosema.